Supu ya Mzee Bundala

Gloria aliingiza mashine ndani kabla hajaingiza salamu. Bajaji ilimshusha mlangoni Alhamisi saa nne asubuhi, akashuka na boksi amelikumbatia kifuani, akampita Benadetha aliyekuwa amekaa kwenye kigoda barazani anamenya boga, akalitua boksi juu ya meza ya sebuleni, ndipo akageuka.

"Mwangaluka," akasema. Kavu hivyo hivyo, bila kuongeza mayu, yaani mama, bila wifi.

"Mwangaluka," Benadetha akajibu kwa kipimo kile kile alichopimiwa. Kisu hakikusimama.

Basi wewe usitafute hapa mahali ambapo hawa wawili walipendana, utachoka bure. Benadetha ni mtoto wa Sola, kule Maswa, aliletwa Bariadi na Josia, mwana wa kiume pekee wa Mzee Bundala. Gloria ni dada yake Josia, mtu wa Mwanza, mwenye duka la vyombo na sauti ya kuuzia vyombo. Miaka mitatu iliyopita Benadetha aligombana na mumewe ugomvi wa kawaida wa ndani ya nyumba, akaenda Sola kwa mama yake kupoza hasira. Josia akapanda pikipiki kumfuata. Hakufika. Msibani, watu wamekaa mikekani, Gloria akasema kwa sauti, "Ungetulia kwako, kaka yangu angekuwa hai." Hakuna mzee aliyemkemea. Maiti ilizikwa, lile neno likabaki juu ya ardhi mpaka leo.

Mwaka uliofuata kiharusi kikampiga Mzee Bundala. Upande wa kulia ukalala, mdomo ukapinda, na koo likawa linafanya kazi siku likitaka. Daktari akasema mzee ale chakula laini kama uji, kisicho na punje hata moja, maana punje ikipita njia isiyo yake mtakuwa mnatafuta sanda. Ndugu wote wakatikisa vichwa kwa huruma, kisha kila mmoja akakumbuka ana kazi kwake. Nani atapika? Hakuna aliyeuliza. Mjane alikuwepo jikoni, akabaki jikoni.

Sasa, Bariadi ukisema supu mtu anawaza ng'ombe. Anawaza kongoro, ndimu, pilipili na chapati mbili. Ukimwambia supu ya boga anakuangalia mara mbili. Fatu, jirani mwenye duka la rejareja, alicheka mpaka akashika mlango. "Mama Esteria, supu bila mfupa? Si useme tu umechemsha maji."

"Nimechemsha maji," Benadetha akamjibu. "Nipe vitunguu viwili na uache maneno."

Alijifunza kwa kukosea. Boga peke yake lilikuwa chapwa. Karoti zilibaki vipande. Karanga zikizidi, tumbo la mzee linakataa. Mwisho akapata njia yake: boga, kitunguu, karoti moja, nsansa, yaani yale majani ya kunde yaliyokaushwa, awe ameyaloweka tangu jana yake, na michembe ya kuipa supu uzito. Anachemsha vyote kwenye jiko la mkaa, anatwanga kwenye kinu vikiwa vya moto, anapitisha kwenye chujio, anarudisha makapi kwenye kinu, anapitisha tena. Mara tatu. Akianza saa nne, saa nane bakuli limejaa. Mkono wake wa kulia ulipata sugu ya mchi ambayo hata pamba ya shambani haikuwahi kumpa.

Na michembe ile ilikuwa ya Sola, ya mama yake. Usione viazi vitamu vimekatwa na kukaushwa ukadhani ni jambo jepesi. Kule kwao vinaanikwa juu ya majabali, chini ya jua, na upepo unapita, na mbuzi wanapita. Vinavyokusanywa vinakusanywa na jabali lake: vichangarawe vidogo vyeupe vinavyojibana kwenye mikunjo ya kiazi kikiwa bado kibichi, kikikauka vinakamatwa humo kama kucha kwenye kidole. Kila mwanamke wa kule anajua. Michembe unaichambua kipande kimoja kimoja, unaiosha maji matatu, unailoweka, ndipo unaipika. Ndiyo maana Benadetha alikuwa na vyombo viwili. Kiroba karibu na mlango wa jiko, humo ni michembe kama ilivyotoka Sola. Ndoo yenye mfuniko kando ya kinu, humo ni iliyochambuliwa.

Jambo moja hakulifanya kamwe, kumlisha. Mkamwana hamlishi baba mkwe wake, na akiwa anakula haingii alipo. Hiyo ni heshima, na Mzee Bundala ni mtu wa heshima hata akiwa nusu yake imelala. Bakuli alilichukua Esteria, binti yake Benadetha, wakati huo yuko darasa la saba, mjukuu aruhusiwaye kumtania babu na kumfuta kidevu. Benadetha alikaa nje ya pazia la chumba akisikiliza kijiko kinavyogonga bakuli. Kijiko, kimya, kijiko. Ikija kikohozi alisimama. Kikohozi kikipita alikaa. Miaka miwili hajawahi kumwona mzee akimeza supu yake, lakini kila siku, bakuli likiisha, ile sauti iliyopinda ilipita kwenye pazia kumfuata: "Wabeja, mayu." Asante, mama. Mshahara wake ulikuwa huo, na ulimtosha.

Ndipo Gloria akaja na boksi.

"Jumapili baba mdogo Mahona anakuja kutoka Nkoma," alisema Alhamisi hiyo hiyo, anakata gundi ya boksi kwa kisu cha Benadetha. "Tunakaa kikao. Baba namchukua Mwanza. Nyumba hii itapangishwa."

"Na sisi?"

"Wewe una kwenu. Si ndiko unakokimbilia siku zote?"

Benadetha alishika ubao wa meza. Esteria alikuwa amebakiza miezi mitatu afanye mtihani. Mdogo wake yuko la nne. Sola, shule ni mwendo wa saa nzima kwa miguu, na nyumba ya mama yake ni vyumba viwili vyenye watu saba. "Baba ameridhika hapa," akasema.

"Baba amekonda hapa. Miaka miwili unamnywesha maji ya kuoshea sufuria."

"Miaka miwili hiyo wewe ulikuwa unakuja lini?"

Gloria aliinamia boksi. Alitoa mashine. Ilikuwa jagi refu la chuma cheupe, chini yake pana moto wa umeme, na mfuniko wake umeshika mguu wa chuma wenye kisu mwishoni, kama pangaboi dogo lililopinduliwa. Unakata mboga, unatia maji mpaka kwenye mstari, unabonyeza, unakwenda zako. Inachemsha yenyewe, inasaga yenyewe, dakika ishirini na tano inalia kama simu. Gloria alieleza haya yote kwa sauti ya dukani, kisha akamalizia, "Wewe usiiguse. Utaiosha tu nikimaliza kuitumia."

Haya. Ukasikia neno kama hilo ndani ya jiko ulilolifagia miaka kumi na mitatu, utafanyaje? Benadetha alikaa kimya. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, lakini Gloria alikuwa hajui.

Tatizo ni kwamba supu ilitoka nzuri. Ni afadhali ingeungua. Gloria alitia boga, karoti na viazi mviringo, dakika ishirini na tano mashine ikalia, na kilichomiminwa kilikuwa laini namna ambayo kinu na chujio mara tatu havijawahi kufika. Gloria ni mtoto wa kumzaa, yeye anaruhusiwa chumbani, akakaa kitandani kwa babaye na kumlisha mwenyewe. Benadetha akasikiliza kijiko. Hakikusimama hata mara moja. Hakuna kikohozi. Na mwisho, "Wabeja, mayu," lakini halikupita kwenye pazia. Liliishia kitandani kwa Gloria.

Alipopewa jagi aoshe, Benadetha alipitisha kidole ndani akaonja. Ilikuwa tamu na laini, nayo haikumtoa mtu jasho. Aliona wivu, na tusiuite jina lingine. Aliona wivu mpaka meno yakamuuma, kwa sababu angepewa hilo jagi miaka miwili iliyopita mzee angekula vizuri na mkono wake ungekuwa mkono wa mwanamke. Hakuna aliyewaza kumpa. Mashine imekuja siku ya kumfukuzia.

Jioni simu yake ikalia. Gloria alikuwa ametuma picha ya bakuli tupu kwenye kundi la ukoo, na chini yake maneno: "Hatimaye baba anakula chakula cha binadamu." Watu kumi na wanne wakaweka alama ya makofi. Wengine walikuwa hawajamwona mzee tangu augue.

Ijumaa ikawa hivyo, Jumamosi ikawa hivyo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini huyu mgeni ndiye aliyekuwa anagawa majembe. Mkaa ulitolewa jikoni ukawekwa nje. Kinu kilisogezwa nyuma ya mlango, Gloria akasema kinaleta mende. Benadetha aliosha jagi mara tatu kwa siku na hakuwa na kazi nyingine, na mtu asiye na kazi ndani ya nyumba ni mgeni anayesubiri kuagwa.

Jumapili, baada ya ibada, Mahona akafika. Ni mdogo wake Mzee Bundala, mkulima wa pamba, mrefu, asiyecheka haraka.

"Mwadila, baba mdogo," Benadetha akapiga goti.

"Mwadila, mayu," akaitikia, akapita ndani. Huyo alikuwa mtu wa kwanza kumwita mayu tangu Alhamisi.

Gloria alitaka kumwonyesha kitu. "Leo nampikia baba supu ya kwetu," alitangaza. "Nsansa, karanga na michembe. Baba mdogo, utaona mashine inavyofanya kazi ya wanawake watatu." Akaja jikoni, viatu vya kisigino vinagonga sakafu, akachukua bakuli, akaangaza huku na huku. Aliiona ndoo yenye mfuniko, hakuifungua. Akainama kwenye kiroba cha mlangoni. Akachota bakuli zima la michembe, kavu, na vumbi lake la Sola, na mawe yake.

Benadetha alikuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo, ana kitambaa cha vyombo mkononi.

Sentensi ilikuwa moja tu. Wifi, hiyo haijachambuliwa. Mtoto wa darasa la kwanza angeisema. Ilimfika mdomoni, akaisikia imekaa pale juu ya ulimi, na akaisikia nyingine nyuma yake ikiisukuma: usiiguse. Akaona jinsi kile kisu kizuri kitakavyokutana na jabali la kwao. Akaona mashine imekufa mbele ya baba mdogo, na Gloria amesimama na moshi wake. Ni hayo tu aliyoyaona. Kusema kweli alifurahi. Akafunga mdomo.

Gloria akaosha michembe kwa maji mamoja, maji ya kunawia mtoto, akaitumbukiza kwenye jagi pamoja na nsansa iliyokauka hivyo hivyo na karanga mkono mmoja. Akatia maji, akabonyeza. Ikachemka. Ilipofika zamu ya kusaga, mashine ikanguruma sauti ambayo haikuwahi kuitoa, ikagonga kitu mara mbili, ikakwama, ikagonga tena, ikanyamaza. Harufu ya waya kuungua ikajaa sebuleni.

"Imefanya nini?" Mahona akauliza.

"Imemaliza," Gloria akasema. Uso wake ulikuwa umebadilika, lakini mtu aliyeita shahidi hawezi kumwambia shahidi arudi kesho. Akafungua mfuniko, akakoroga kwa kijiko. Juu ilikuwa supu, nzito, ya kijani, si mbaya kwa macho. Akamimina bakuli la mzee, akaingia nalo chumbani, Mahona nyuma yake. Kabla ya kuingia alimsukumia Benadetha jagi na mfuniko. "Osha."

Benadetha aliubeba mfuniko mpaka kwenye beseni na furaha yake ikiwa nzima. Akaugeuza aone kisu kimekuwaje. Kona ya kisu haikuwepo. Imekatika safi, kipande cha ukubwa wa ukucha wa mtoto. Akatazama kwenye jagi, akapapasa chini kwa kidole, akakuta mawe mawili na makapi. Chuma hakikuwemo.

Miguu yake ilijua kabla ya kichwa. Kutoka jikoni mpaka pazia ni hatua tisa. Kwa miaka miwili hilo pazia lilikuwa ukuta kwake. Alilivuta mpaka kamba ikakatika, akamkuta Mzee Bundala ameegemezwa mto, midomo ina alama ya kijani, na Gloria amenyanyua kijiko cha pili. Cha kwanza kilikuwa kimekwenda. Akakipiga kijiko kikaruka ukutani. Akanyakua bakuli.

"Umerukwa na akili?" Gloria akasimama.

"Mkamwana," Mahona akasema taratibu, na upole huo ulikuwa mbaya zaidi, "unaingiaje humu mtu anakula?"

Benadetha alikwenda kuchukua chujio lake, lile lililotupwa nyuma ya mlango pamoja na kinu, akarudi nalo pamoja na beseni na ule mfuniko, akamimina bakuli lote kwenye chujio juu ya beseni mbele yao, akamwagia maji. Supu ikapita. Vikabaki vichangarawe vinne, na katikati yake kipande cha chuma kinang'aa. Akakiokota, akakiweka kwenye kisu cha mfuniko mahali pake. Kikaingia sawasawa.

Mzee akakohoa, akakohoa tena, wakamwinamisha, Mahona anampiga mgongoni kwa kiganja. Kilichotoka kilikuwa kijani kitupu. Kijiko cha kwanza kilikuwa cha juu juu, kilikuwa na bahati. Gloria aliketi sakafuni na gauni lake la ibada, mikono kichwani, na kwa mara ya kwanza tangu msiba hakuwa na sauti ya dukani. "Nimetaka kumuua baba," akasema. "Nimetaka kumuua baba."

Benadetha angenyamaza hapo, mambo yangekuwa mengine. Alikuwa ameshinda. Lakini Gloria si mjinga, alikuwa anavitazama vile vichangarawe, na machozi yakiwa bado yanatiririka akauliza, "Kile kiroba kina mawe?"

"Kina mawe. Michembe ya Sola yote ina mawe."

"Ulijua?"

"Nimezaliwa huko, nisijue?"

"Uliniona nikichota?"

Na hasira ya siku nne, na ya miaka mitatu, na ya lile neno la msibani, vyote vikapanda kwa pamoja vikamtoka vikiwa vimesimama wima: "Nilikuona. Nilikuona kwa macho yangu haya mawili. Uliniambia nisiguse mashine yako, sikuigusa."

Lilikuwa jibu zuri. Alilisikia jinsi lilivyokata. Kisha akamwona mzee. Mzee Bundala alikuwa amerudishwa kwenye mto, jicho la kushoto, lile zima, limemtulia usoni. Hakuwa anamtazama Gloria. Maji yakimwagika hayazoleki, na Benadetha akasimama pale na chujio mkononi linachuruzika miguuni pake.

Kikao kilikaa saa kumi, kifupi. Mahona alisema na hakuuliza mtu. "Gloria, wewe hujui kupika, na mtu asiyejua hafai kuchukua mgonjwa. Mzee haendi Mwanza. Mkamwana, wewe unajua, na kujua kwako ndiko kunakonitisha zaidi. Ningekuwa na mtu mwingine ungefunga mizigo leo. Sina. Kesho mzee atakula nini? Baki na watoto wako." Hakumwita mayu.

Gloria aliondoka siku hiyo hiyo na gari la jioni. Mashine aliiacha. Jagi lake sasa ndilo linalohifadhi michembe iliyochambuliwa, mfuniko ulitupwa. Kinu kimerudi mahali pake. Esteria alifanya mtihani wake.

Ila Jumatatu ile, siku moja baada ya kikao, Benadetha alipika kama zamani, mara tatu kwenye chujio, halafu ya nne kwa kujiridhisha. Akampa Esteria bakuli, akakaa nje ya pazia jipya kusikiliza kijiko. Hakusikia kijiko. Akasikia sauti iliyopinda ikisema kitu, na Esteria akatoka na bakuli limejaa.

"Babu anakuita."

"Ananiita mimi? Anakula."

"Amesema uingie."

Akaingia, macho chini, mikono imefunga kanga kifuani. Mzee alinyanyua mkono wa kushoto, akaelekeza kwenye bakuli, kisha kwake. Maneno kwake ni mzigo, hutoa moja akalipumzikia.

"Onja."

Benadetha akaonja. Mzee alilitazama koo lake mpaka likashuka. Akasubiri kidogo. Ndipo akafungua mdomo kwa mjukuu.

Imekuwa hivyo asubuhi, mchana na jioni, na mwaka sasa unakwisha. Ile heshima ya pazia imekufa, anaingia kila siku na kusimama miguuni pa kitanda, anaonja mbele ya jicho lile moja. Nyumba anayo. Watoto wanasoma. Supu yake, wanasema hata majirani, haijawahi kuwa laini hivi. Akishaonja anatoka, anakaa nje mahali pake pa zamani, na kijiko kinaanza kugonga bakuli. Bakuli linapoisha bado hutega sikio, na kinachotoka chumbani ni Esteria na vyombo vya kuosha.